Skafoidi iliyogoma kuunga: tathmini ya upasuaji wa kupandikiza mfupa na kubana kwa skrubu, kwa mgonjwa wa Nyanda za Juu Kusini

Huduma tunayoipima hapa ni upasuaji wa mfupa wa skafoidi uliovunjika ukakataa kuunga. Daktari anafungua kifundo cha mkono, anakwangua pale palipovunjika, anapandikiza mfupa aliouchukua sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, kisha anabana vipande kwa skrubu isiyo na kichwa au kwa pini. Tumeupima kwa jicho la mtu wa Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa anayekula kwa jasho la mikono yake, ambaye lazima apige hesabu ya magunia mangapi ya viazi yauzwe ili alipie. Jibu letu ni kwamba upasuaji huu unafaa na thamani yake unaiona, ila matokeo yake yanategemea mambo ambayo mgonjwa hayaoni kwenye risiti. Wengi wanaokwenda wanasema, "Daktari, niwekee chuma nipone." Chuma kinashika tu. Kinachoponya ni mfupa uliopandikizwa juu ya mfupa ulio hai, na hapo ndipo pa kuulizia maswali.

Skafoidi ni mmoja wa mifupa 8 midogo ya kifundo cha mkono. Una ukubwa wa korosho, na umejikunja kama korosho. Nyoosha kidole gumba kama unayeonyesha dole: chini yake, pale kifundoni, kinatokea kishimo ambacho wazee wetu hutilia ugoro. Sakafu ya kishimo hicho ndiyo skafoidi. Mtu akianguka akatanguliza kiganja, iwe bodaboda imeteleza kwenye tope, ngazi imechomoka chini ya mparachichi kule Rungwe, au kipa karukia mpira kwenye uwanja mkavu, uzito wote wa mwili unapita hapo.

Kwa nini mfupa huu unagoma wakati mingine inaunga? Sababu kubwa ni damu. Karibu asilimia 80 ya uso wake umefunikwa na gegedu, ule utelezi mgumu wa kwenye viungo, kwa hiyo mishipa ya damu ina mahali padogo pa kupenya. Mingi inaingia upande wa vidole kisha inarudi nyuma kuelekea kwenye kigasha. Ukivunjika katikati, kipande cha nyuma kinakuwa kama jaruba la mwisho wa mfereji kule Usangu: maji yakikatwa juu, hilo ndilo la kwanza kukauka. Kadiri ufa unavyokuwa karibu na kigasha, ndivyo hatari inavyozidi. Halafu mfupa huu umelala kati ya safu mbili za mifupa ya kifundo, safu moja inauvuta huku na nyingine kule, kwa hiyo kila unapokunja mkono vipande vinachezacheza. Vipande vikiwa vimeachana zaidi ya milimita 1 tangu mwanzo, hogo peke yake ni kamari.

Sababu nyingine ni sisi wenyewe, watoa huduma na wagonjwa. Picha ya kwanza ya eksirei inaweza isionyeshe ufa. Kwa takribani mgonjwa mmoja kati ya watano ufa hauonekani siku ya kuanguka. Kishimo cha ugoro kikiuma ukikibonyeza, kanuni ni kufunga hogo na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Mara nyingi mgonjwa anaambiwa "umeteguka tu", anapewa diklofenaki na bandeji, anarudi kubeba mizigo. Wengine wanapelekwa kuchuliwa na mafuta ya moto. Kuchua hakuungi skafoidi, kunaitikisa, na kila wiki inayopotea hapo inamlipisha mgonjwa baadaye.

Kwa kawaida tunasema mfupa umegoma miezi 6 ikipita bila kuunga. Lakini kipimo cha CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mfupa kipande kwa kipande) kikionyesha nafasi wazi kati ya vipande mwezi wa nne tangu kuumia, kusubiri miezi 6 itimie hakuna faida. Ukiachwa hivyo, kifundo kinaanza kulika: kwanza kwenye ncha ya mfupa wa kigasha upande wa kidole gumba, halafu kati ya skafoidi na mfupa wa kapitati, mwishowe kati ya kapitati na mfupa jirani uitwao lunati. Ndani ya miaka 5 hadi 10 wengi wanakuwa tayari na kulika kunakoonekana kwenye picha. Mtu wa miaka 25 mwenye kifundo cha namna hiyo hawezi tena kusukuma toroli wala kushika nyundo ya kuchimbia Chunya.

Sasa tuje kwenye huduma yenyewe, tuanze na vipimo. Eksirei inayotosha ni ya mielekeo minne, ikiwemo moja ambayo mkono umepindishwa upande wa kidole kidogo, maana hapo skafoidi inanyooka na ufa unafunguka. Picha ya ubavuni ndiyo inayoonyesha kama mfupa umejikunja na kutoa kibiongo, na kama lunati imeangalia upande wa mgongo wa mkono. Pembe kati ya skafoidi na lunati kwa kawaida ni nyuzi 30 hadi 60. Ikivuka hapo, kifundo kimepoteza mpangilio wake, na skrubu iliyopigwa bila kunyoosha itakifungia mtu katika ubaya huo huo. CT yenye vipande vya milimita 1, iliyokatwa kufuata urefu wa skafoidi yenyewe na wala si urefu wa mkono, inaonyesha ukubwa wa pengo, mashimo ndani ya mfupa na kulika kwa viungo. Tunaiona CT kama sehemu ya upasuaji, na hatuungi mkono daktari anayeingia bila hiyo kwa jeraha la miezi mingi. Anayesafiri kutoka Makete au Ludewa apige simu kwanza aulize kama mashine inafanya kazi wiki hiyo, kisha abebe picha zote, hasa ile ya siku aliyoanguka, kwa kuwa ndiyo inayohesabu umri wa jeraha.

Njia inayotumika kwa ufa wa katikati wenye kibiongo inapitia upande wa kiganja. Mgonjwa anachomwa ganzi ya mkono mzima kwapani au juu ya mfupa wa mtulinga. Mfupa wa kupandikiza ukitoka nyongani, ganzi hiyo haitoshi: itahitajika ya mgongo au usingizi kamili. Mpira wa kuzuia damu unafungwa juu ya kiwiko kwa shinikizo la takribani milimita 250 za zebaki, na usizidi saa mbili. Mkato unafuata kano iliyosimama upande wa kidole gumba wa kifundo, unapinda kidogo kuelekea shina la kidole hicho, jumla kama sentimita 4 hadi 5. Tawi dogo la ateri linalovuka hapo linafungwa kwa uzi. Ligamenti imara ya mbele, yaani kamba inayofunga mfupa kwa mfupa, inakatwa kwa mpango, ncha zake zikiwekewa alama, kwa sababu itabidi ishonwe tena wakati wa kufunga. Asiyeishona anaacha kifundo kilicholegea.

Hatua inayofuata ndiyo moyo wa kazi yote. Kati ya vipande viwili kuna utando wa makovu, mweupe, mgumu kama ganda la ndani la muwa. Unakwanguliwa kwa kijiko chenye makali na kekee ya kasi ndogo huku maji ya chumvi ya baridi yakimiminwa, maana joto la kekee linaua seli za mfupa zilizobaki. Unakwangua mpaka unafika kwenye mfupa laini wenye matundu. Kisha mpira wa mkononi unalegezwa, na timu nzima inatazama kipande cha nyuma. Kikiwa hai, vinatokea vitone vyekundu vidogo vidogo, vingi, kama jasho linalotoka kwenye paji la uso. Kikibaki cheupe kama chaki, damu imekatika, na mpango lazima ubadilike palepale. Hakuna picha ya kabla ya upasuaji inayoshinda ushahidi huo, hata MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Ukitaka kupima ubora wa mahali unapopewa huduma hii, muulize daktari baada ya upasuaji: "Kipande cha nyuma kilitoa damu?" Aliyefanya kazi vizuri atakujibu bila kufungua faili.

Baada ya hapo kibiongo kinanyooshwa. Kifundo kinakunjwa mpaka lunati inarudi mahali pake, kisha waya wa milimita 1.6 unapitishwa kutoka mfupa wa kigasha hadi kwenye lunati kuishikilia. Kifundo kikinyooshwa tena, pengo la skafoidi linafunguka mbele kwa umbo la kabari. Pengo hilo linapimwa kwa rula ya chuma, na kipande cha mfupa kinachongwa kulingana nalo. Kipande cha kutoka ukingo wa nyonga ni kigumu na kinabeba mzigo, kinafaa kabari kubwa. Cha kutoka mwisho wa mfupa wa kigasha ni laini zaidi lakini kinapatikana kwa ganzi ileile, bila kidonda cha pili. Kwa pengo dogo lisilo na kibiongo, tunapendelea cha kigashani. Nyonga inauma kuliko mkono kwa wiki mbili za kwanza, na mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo mapema.

Halafu skrubu. Mtindo huu ulianzia Australia, kwa Timothy Herbert aliyechapisha matokeo yake mwaka 1984. Ni kitu kidogo: urefu wa milimita 20 hadi 26 kwa watu wazima wengi, yaani kama nusu ya njiti ya kiberiti, na unene wa milimita 2.5 hadi 4 kutegemea muundo. Haina kichwa, kwa hiyo inazama yote ndani ya mfupa bila kusugua gegedu. Ujanja wake uko kwenye hesi. Hesi za mbele zimeachana zaidi kuliko za nyuma, hivyo kila mzunguko unasukuma ncha ya mbele safari ndefu kuliko ya nyuma, na vipande viwili vinavutwa kuelekeana. Nyingi za sasa zina tundu katikati, zinafuata waya mwembamba uliotangulizwa. Waya wa pili unawekwa pembeni ili kipande kisizunguke wakati skrubu inaingia.

Kosa tunaloliona zaidi kwenye picha za waliorudi na maumivu ni skrubu ndefu. Waya ukipima milimita 26, skrubu sahihi ni ya 22: unaondoa 4 ili kila upande uzame milimita 2. Anayeweka ya 26 anaacha ncha ikichungulia kwenye kiungo, na kila siku inachimba gegedu. Kosa la pili ni skrubu iliyokaa pembeni ya mfupa. Ikipita katikati hasa ya kipande cha nyuma inashika vizuri zaidi na kuunga kunakwenda haraka. Ndiyo sababu chumba cha upasuaji lazima kiwe na eksirei ya papo kwa papo, ile yenye mkono wa nusu duara, na picha zipigwe mkono ukizungushwa. Picha mbili za mbele na ubavuni hazitoshi, mfupa uliojikunja kama korosho unaficha ncha.

Skrubu ikikosekana, au fedha ikigoma, pini mbili au tatu za milimita 1 hadi 1.25 zinaweza kufanya kazi hiyo. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kuna wagonjwa wanaoahirisha mwaka mzima wakichangisha hela ya skrubu. Pini hazibani kama skrubu, na lazima zitolewe, kwa kawaida baada ya wiki 8 hadi 12. Matundu yake yakiachwa nje ya ngozi yanahitaji kusafishwa, na kijijini kwenye vumbi hilo ni tatizo, kwa hiyo ni heri zikatwe chini ya ngozi. Lakini mfupa uliokwanguliwa vizuri, ukapandikizwa vizuri, ukashikwa na pini, unaunga. Skrubu ya bei kubwa iliyopigwa kupitia makovu bila kupandikiza haiungi jeraha la miaka miwili lenye pengo na mashimo.

Upandikizaji wenyewe si mgeni. Hermann Matti wa Uswisi alieleza wa kujaza mfupa laini miaka ya 1930, Otto Russe wa Austria akauboresha akipitia upande wa kiganja mwaka 1960, na kabari ya nyongani tunayotumia leo kwa kibiongo ilielezwa na Diego Fernandez mwaka 1984. Mwaka 1991 Carlos Zaidemberg wa Argentina akaleta kipande cha mfupa wa kigasha kinachohamishwa pamoja na mshipa wake wa damu. Hiki cha mwisho, pamoja na kile kinachotolewa gotini na kuungwa kwa hadubini, ndicho cha kufikiria kipande cha nyuma kikiwa kimekufa au upasuaji wa kwanza ukishashindwa. Ni kazi ya mikono iliyozoea mishipa midogo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kuomba rufaa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, hatuoni kama ni anasa.

Matokeo: ufa wa katikati, kipande cha nyuma kikiwa hai, kati ya wagonjwa 10 waliopandikizwa na kubanwa vizuri, 8 hadi 9 wanaunga. Kipande kikiwa kimekufa na ukatumia upandikizaji wa kawaida, wanaounga wanashuka hadi karibu nusu ya wagonjwa. Nguvu ya kushika inarudi kwa sehemu kubwa, maumivu yanapungua sana, lakini kukunja kifundo mpaka mwisho mara nyingi hakurudi kote. Anayeahidiwa mkono mpya kabisa amedanganywa.

Yanayoharibika baada ya hapo ni mengi kuliko yanayoharibika mezani. Nyuzi zinatolewa siku ya 10 hadi 14. Hogo fupi, chini ya kiwiko, linakaa wiki 6 hadi 8, na kwa kabari kubwa hadi 12. Vidole vichezeshwe tangu siku ya kwanza. Mkono uliofichwa ndani ya koti mwezi mzima, kama ilivyo desturi ya baridi ya Juni na Julai huku kwetu, unakakamaa hata kama mfupa umeunga. Hogo likilowa kwenye mvua libadilishwe, lisikaushwe jikoni kwenye moto. Sigara inabana mishipa ya damu na kupunguza nafasi ya kuunga, na ugoro una nikotini ileile, kwa hiyo vyote viachwe kabla ya upasuaji na visirudiwe mpaka mfupa uwe umethibitishwa. Kuna madaktari wanaokataa kumpasua mvutaji aliyegoma kuacha, nasi tunawaelewa.

Kuthibitisha nako kuna mtego. Eksirei ya wiki ya 8 inaweza kuonekana nzuri kwa sababu tu skrubu imefunika ufa. Kama fedha ya CT ya pili ipo, itumike wiki ya 10 hadi 12. Mfupa ukiwa umevuka zaidi ya nusu ya upana wa ufa, mgonjwa anaanza kuongeza mzigo kidogo kidogo. Dereva wa bodaboda na mpasua mbao wa Mafinga wasifikirie kazi kamili kabla ya miezi 4 tangu upasuaji, na wengine miezi 6. Ganzi mgongoni mwa kidole gumba au kwenye shina la kiganja inamaanisha kijineva kimeguswa. Mara nyingi inapungua. Usaha, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hayasubiri tarehe ya kliniki.

Si kila mtu anayestahili huduma hii. Kifundo kikishalika mpaka kati ya kapitati na lunati, kuunga skafoidi ni kukarabati mlango wa nyumba iliyokwisha anguka. Hapo kuna kutoa skafoidi na kuunganisha mifupa minne kati ya iliyobaki, au kukifunga kifundo kizima. Kuondoa safu yote ya nyuma kunafaa mapema kidogo, wakati kichwa cha kapitati bado hakijalika. Mzee asiye na kazi nzito na asiye na maumivu makali anaweza kubaki na mkanda wa kifundo na dawa, wala hakuna aibu katika hilo.

Kuhusu malipo: ulizia bili kwa vipande. CT, chumba cha upasuaji, ganzi, skrubu au pini, siku za kulala, mahogo ya kubadilisha, na kutoa pini baadaye. Kinachowashtua watu ni skrubu kutokuwemo kwenye bei waliyotajiwa, na mwenye bima kugundua dirishani kwamba kipandikizi kinahitaji kibali cha mapema. Ukipitia ngazi, kutoka zahanati au kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha ya rufaa ya kanda pale Mbeya, hakikisha barua ya rufaa imeandika neno skafoidi na tarehe ya kuumia. Barua iliyoandikwa "maumivu ya mkono" inakurudisha mwisho wa foleni.

Siku ya kuruhusiwa, usiondoke na kadi ya kliniki peke yake. Omba iandikwe kwenye karatasi: upande gani wa mkono ulifunguliwa, mfupa wa kupandikiza ulitoka wapi, kipande cha nyuma kilitoa damu au la, aina na urefu wa skrubu, na umbo la tundu lake, kama ni la pembe sita au la nyota. Skrubu ikilazimika kutolewa miaka 3 baadaye huko Iringa au Dar es Salaam, daktari atakayeifungua atahitaji bisibisi inayoingia kwenye tundu hilo, na akiikosa mezani atalazimika kuuchimba mfupa uliokwisha kuunga.